Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu benki ya chakula: Malindi, Magarini na Lamu

Maswali haya tunayasikia ghalani, vituoni na kwenye simu, mengine kila wiki. Tumeyajibu kama tunavyomjibu mtu aliyesimama mbele yetu. Ukiwa na shida ya leo, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya pili.

## Mambo ya msingi

Benki ya chakula ni nini hasa?

Ni ghala na magari, pamoja na watu wa kuviendesha. Chakula kizuri ambacho kingeoza shambani au kutupwa dukani hukusanywa, hukaguliwa, hupimwa, kisha hupelekwa kwa vikundi vinavyolisha watu mitaani na vijijini. Mpango wa namna hii ulianzia Phoenix, Arizona, nchini Marekani mwaka 1967. John van Hengel, aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini, alianza kuweka pamoja chakula kilichobaki madukani ili majiko mengine nayo yachote. Leo benki za chakula zimeenea nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Malindi kuna njaa kweli? Mbona sokoni chakula kimejaa?

Kimejaa, ila asiye na pesa mfukoni hakimfai kitu. Njaa ya mjini kwetu huja kwa majira, na aliyekulia pwani anaijua miezi yake. Kusi likianza kuvuma mwezi wa nne, mwenye mtumbwi au dau dogo hathubutu kutoka nje ya mwamba, na siku akitoka hurudi na kitoweo cha nyumbani tu. Pasaka ikipita, wageni huondoka na hoteli za Malindi na Watamu hupunguza wafanyakazi au kufunga kabisa. Wakati huo mahindi ya masika bado ni machanga shambani. Mambo matatu yanaangukia miezi ileile, na ndiyo maana Mei na Juni ndiyo miezi inayotuelemea kuliko yote.

Ukienda bara, Langobaya, Chakama, Adu, mpaka Ganze, tatizo ni ukame. Kilifi na Lamu zote mbili zimo katika kaunti 23 kame na nusu kame ambazo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, huzifuatilia. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na mifugo iliyokufa wakati ule wengi hawajaweza kuirudisha. Mvua ya vuli ya 2023 ilipokuja, ilikuja kwa mafuriko.

Kwa nini benki moja ihudumie eneo zima, badala ya kila mji kuwa na yake?

Kwa sababu chakula kinachozidi na watu wanaokikosa hawako mahali pamoja. Kando ya mto Sabaki maembe huanguka na kuoza chini ya miti msimu ule ule ambao mtoto wa Ganze hali tunda wiki nzima. Mfanyabiashara wa jumla mjini ana katoni za mchele zilizochanika, na hakuna kijiji kimoja kinachoweza kuzimaliza. Ghala la eneo huviona vyote kwa pamoja na kuvipeleka panapostahili. Kituo kidogo cha mtaa peke yake hakina lori wala turubai za kuifanya kazi hiyo.

Ninyi ni serikali?

Hapana. Chakula cha msaada cha serikali hupitia ofisi za utawala, kwa machifu na wasaidizi wao, na mara nyingi huja baada ya ukame au mafuriko kutambuliwa rasmi. Sisi tuko mwaka mzima, hata mwaka ambao hakuna dharura iliyotangazwa, kwa kuwa mama aliyefutwa kazi hotelini hatangazwi popote. Orodha zetu na za chifu ni mbali mbali.

## Ukihitaji chakula

Nahitaji chakula leo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kituo kilicho karibu nawe: msikiti, kanisa, shule, zahanati au kikundi cha kina mama kilichosajiliwa nasi. Usipokijua, muulize mzee wa mtaa au mhudumu wa afya wa jamii. Wote wana orodha. Na kama nyumbani hamjala kabisa tangu jana, usihangaike na orodha, njoo ghalani. Hakuna anayerudishwa mikono mitupu akiwa katika hali hiyo.

Kwa nini hamgawi wenyewe pale ghalani kila siku?

Nauli kwanza. Mtu wa Marafa au Garashi akilipa gari kuja Malindi na kurudi, nauli imekula thamani ya unga aliofuata. Halafu kuna sitara. Foleni barabarani, tuktuk zikipita na watu wakitazama, ni adhabu kwa mtu ambaye hana kosa lolote. Kikundi cha mtaani kinajua nani amelazwa, nani amefiwa, nani mume wake yuko baharini na hajatuma kitu. Sisi tulio ghalani hatuwezi kuyajua hayo, na hatutaki kujifanya tunayajua.

Nani anastahili? Mtanichunguza?

Hatuombi hati ya mshahara wala hatuji kuhesabu kuku wako. Kituo huandika jina, mtaa na idadi ya watu mnaokula chungu kimoja. Basi. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, haziwekwi ukutani wala hazipewi mgombea wa kiti chochote. Kukosa kitambulisho hakukuzuii. Vilevile kupokea shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi hakukuondoi kwenye orodha: kwa mzee anayelea wajukuu wanne, pesa hizo ni za siku chache tu.

Mtanipa kiasi gani? Kitatosha mwezi?

Hakitatosha, na ni haki yako kulijua hilo mapema. Mgao unaotumiwa sana katika shughuli za msaada, wa kumpa mtu karibu kalori 2,100 kwa siku, huanzia gramu 400 za nafaka pamoja na gramu 60 za jamii ya kunde na gramu 25 za mafuta. Kwa nyumba ya watu sita, nafaka peke yake ni kilo 72 kwa mwezi. Gunia la kilo 90 lingebakiwa na kidogo tu. Hakuna benki ya chakula ya eneo letu inayoweza kuibebea kila nyumba mzigo huo.

Kifurushi chetu ni cha kuvusha. Kinaziba siku zile ambazo ungekopa unga dukani kwa bei ya juu, au ungemwambia mtoto alale mapema. Kwa kawaida kina unga wa mahindi au mchele, pojo au maharagwe, mafuta na chumvi, na chochote kibichi kilichopatikana wiki hiyo.

Kituo cha mtaa wetu kiko msikitini na mimi ni Mkristo. Au kiko kanisani na mimi ni Mwislamu. Nitapewa?

Utapewa. Ni sharti la kwanza tunalowekeana saini na kila kituo: hakuna mahubiri kabla ya kugawa, hakuna kuuliza dini, kabila wala kadi ya kura. Kituo kinachovunja sharti hili hakipelekewi tena mzigo. Kuhusu nyama, tumeamua kutoweka nyama kwenye vifurushi, ili asiwepo mtu atakayekaa na kifurushi chake akijiuliza nani alichinja.

Naona haya kwenda.

Wengi wanaona haya, na vituo vyetu vinapangwa kwa kuwafikiria wao kwanza. Unaweza kumtuma mtoto mkubwa au jirani. Vituo vingi hutoa baada ya alasiri au baada ya magharibi, watu wakiwa njiani kurudi makwao. Njoo na kikapu chako cha ukili: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na kikapu kinasitiri vizuri zaidi. Utaona kina mama wakilaza pakiti za unga chini, pojo katikati, kisha fungu la mchicha juu, majani yakining'inia ukingoni. Anayewapita njiani huona mtu aliyetoka sokoni.

Picha hatupigi. Mfadhili akitaka ushahidi, tunampa hesabu za magunia na saini za vituo.

## Lamu na visiwa

Chakula hufikaje Lamu, Pate, Faza na Kizingitini?

Hii ndiyo safari inayotugharimu kuliko zote. Lori hutoka Malindi, likapita Garsen na Witu hadi gati la Mokowe. Hapo mahamali hushusha na kupakia mashuani. Mzigo wa Lamu mjini huvuka, hushushwa tena, kisha punda huuingiza vichochoroni ambako gari haliingii. Mzigo wa kisiwa cha Pate huendelea baharini, na manahodha huangalia maji kabla ya kitu kingine chochote: yakipwa, mashua hungoja. Kila mahali mzigo unaposhikwa panalipwa, na gunia linaposhikwa mara nne lina nafasi nne za kuchanika au kulowa.

Kwa hiyo visiwani tunapeleka vitu vikavu tu, vikiwa ndani ya turubai, na tunajitahidi kujaza stoo za huko kabla kusi halijashika. Mboga na matunda kwa ajili ya Lamu hutafutwa bara ya Lamu yenyewe, Mpeketoni, Hindi na Witu, ambako wakulima wapo na safari ni fupi. Kusafirisha nyanya kutoka Malindi hadi Faza ni kuwapelekea watu maji yaliyochacha.

Na vijiji vya Waboni?

Kiangwe, Mangai, Basuba na Milimani vinafikiwa kwa ruhusa na mpangilio wa vyombo vya usalama, kwa hiyo ratiba haiko mikononi mwetu. Safari inaporuhusiwa tunapeleka mzigo wa muda mrefu kuliko kawaida, ukiwa umechaguliwa na wazee wa huko. Watu waliozuiwa kuingia msituni walikokuwa wakipata asali na matunda wanastahili kusikilizwa kuhusu nini kiwekwe katika gunia lao.

## Usalama wa chakula

Pakiti niliyopewa tarehe imepita. Mmenipa sumu?

Soma maneno yaliyo kabla ya tarehe. Kwenye mchele, tambi, chumvi au biskuti huandikwa "bora kabla ya", na maana yake ni kwamba baada ya siku hiyo ladha au ukavu unaweza kupungua, lakini chakula kikiwa kimehifadhiwa vizuri bado ni salama. Vitu vya aina hiyo tunavitoa kwa muda mfupi baada ya tarehe, baada ya kufungua sampuli na kuikagua. Kwenye maziwa na vyakula vinavyoharibika haraka huandikwa "tumia kabla ya". Vyakula hivyo tarehe ikipita havitoki ghalani. Ukikuta kimoja kwenye kifurushi chako, usikile, kirudishe kituoni na tuambie. Kopo lililovimba au linalovuja pia rudisha, hata likiwa na tarehe ya mwakani.

Nina mahindi yameota ukungu kidogo. Nikiyaosha na kuyaanika, mtayachukua?

Hapana, na tunakusihi usiyale wala usiwape kuku. Ukungu huo unaweza kutoa sumukuvu, ambayo huna macho ya kuiona wala ulimi wa kuionja, na moto wa sima hauimalizi. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi ya nyumbani iliua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Walikuwa familia za kawaida zilizokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo tuko wakali. Mahindi yanayoingia ghalani hupimwa unyevu, na yanayozidi asilimia 13.5 hayapokelewi. Kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 10 katika bilioni. Hata kwa mkulima aliyekuja na punda wake kutoka mbali kwa moyo safi, jibu letu ni hilo hilo, na kumwambia hivyo ni sehemu ngumu ya kazi hii.

Tumebakisha masufuria ya pilau ya harusi. Mje?

Inategemea saa. Chakula kilichopikwa ni salama kikikaa na moto wa juu ya nyuzi 60 au kikiwa baridi chini ya nyuzi 5, na katikati ya hapo kisizidi saa mbili. Joto la Malindi huzimaliza saa hizo mbili haraka mno. Pilau iliyopakuliwa masiniani na kuguswa na mikono ya wageni hatuichukui hata kama ni nyingi. Iliyobaki sufuriani haijafunuliwa, ukitupigia mapema, tunaipeleka moja kwa moja kwenye kituo cha jirani iliwe jioni hiyo hiyo. Chochote chenye tui la nazi, kama wali wa nazi, samaki wa kupaka au mbaazi, tunakikataa. Tui huchacha upesi kuliko gari letu linavyofika.

Kwa wenye hoteli: tupigieni kabla ya kuondoa chakula mezani.

Samaki je?

Ng'onda na papa mkavu, tunapokea kwa furaha. Samaki mbichi tunapokea akiwa kwenye barafu tangu alipotolewa majini. Jodari aliyepigwa jua hata kidogo ni hatari, kwani sumu inayojijenga ndani yake haiondoki kwa kupikwa.

Nina makopo ya maziwa ya watoto wachanga.

Asante, lakini hatuwezi kuyachukua. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayodhibiti maziwa mbadala ya watoto, na michango ya kiholela ya makopo hairuhusiwi. Sababu yake ni ya uzito: mama akipewa kopo moja, maziwa yake hupungua, kopo likiisha hana la pili, na maji ya kuchanganyia si safi. Tunaomba badala yake umchangie mama chakula chake yeye. Mtoto mchanga aliyefiwa na mama yake apelekwe hospitali, huko ndiko anakopangiwa maziwa.

## Kuchangia

Nina maembe yanaozea shambani. Mnayataka?

Tunayataka sana, ila tupigie yakiwa bado mtini. Hili ndilo tungetamani kila mkulima wa Magarini alijue. Msimu mkubwa, kati ya Novemba na Machi, madalali hushusha bei mpaka kuchuma kunakuwa hasara, na mwenye shamba huacha yadondoke. Embe lililodondoka limepasuka, limeingia nzi, halifiki Ganze. Linalotufaa ni lililochumwa limekomaa lakini gumu, likiachiwa kikonyo kifupi ili utomvu usilichome ganda, na kuwekwa kwenye kreti. Gunia hulibonda.

Kreti na gari ni juu yetu, na wachumaji tunawalipa. Ngowe na boribo huliwa na watoto mashuleni siku mbili tatu zinazofuata, na yanayoelekea kuiva kupita kiasi vikundi vya kina mama huyakata na kuyakausha kwa jua. Wewe unabaki na shamba safi lisilofuga nzi wa msimu ujao.

Kipi bora, pesa au chakula?

Pesa. Kinachopungua ghalani karibu kila mwezi ni pojo, maharagwe na mafuta, vitu ambavyo hakuna anayevitupa. Pesa pia hulipa dizeli na mashua. Unga nao ni karibu mno kwetu, mradi uwe na alama ya kuongezwa madini na vitamini, jambo ambalo kwa wasagaji wa viwandani ni lazima tangu 2012.

Naweza kuleta zaka, fitri au kafara?

Unaweza, ila tuambie ni nini unapotoa. Fitri ina wakati wake, lazima imfikie mwenye haki kabla ya swala ya Idi, na ni chakula kinacholiwa mahali hapo, pishi moja kwa kila mtu, ambayo wengi huihesabu kati ya kilo 2.5 na 3. Kwa hiyo fitri huwekwa chumba chake na kuandikwa daftari lake, na hutoka yote kabla ya Idi kupitia vituo vya misikiti. Zaka ya mali ina makundi manane yaliyotajwa katika Kurani, na haichanganywi na mchango wa kawaida unaolipia dizeli. Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi, na kituo hukuletea jibu kwamba kumi wamelishwa. Kama unataka kutoa fitri kwa pesa taslimu, muulize imamu wako, sisi si watoa fatwa.

Mheshimiwa anataka kugawa chakula akiwa na fulana na wapiga picha.

Mchango wake tunaupokea. Sherehe hatuifanyi, wala hatubandiki jina lake kwenye gunia.

## Hali za pekee

Mtoto wangu amekonda sana. Mniongezee unga?

Mpeleke zahanati kabla ya kitu kingine chochote, leo. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mkono kwa utepe, na ukiwa chini ya sentimita 11.5, ni utapiamlo mkali. Miguu ikivimba kwa pande zote mbili ni hivyo hivyo, hata kama uso unaonekana mnene. Mtoto huyo hahitaji sima. Anahitaji matibabu na chakula cha dawa, kile cha karanga kwenye pakiti, ambacho hutolewa hospitalini bila malipo. Sisi tutalisha waliobaki nyumbani ili mama aweze kukaa naye wodini.

Nimeona mafuta yenu yakiuzwa dukani.

Tuambie duka na siku. Tukihesabu na kukuta katoni nzima imepotea kituoni, kituo kinasimamishwa. Lakini mama aliyeuza kilo moja ya maharagwe anunue dawa au makaa hatumfuatilii. Tunaenda kumuuliza nini kingine kinamkaba.

Chakula cha bure hakiwaharibii wakulima na wenye maduka?

Kinaweza, kikimwagwa ovyo. Mahindi ya masika yakianza kuvunwa Julai na Agosti tunapunguza unga vituo vya vijijini, na pesa tulizonazo tunanunulia kunde na pojo kwa wakulima hao hao. Chumvi na viberiti tunanunua kwenye duka la mtaani.

Sabaki ikifurika mnafanya nini?

Siku za kwanza Msalaba Mwekundu na kaunti ndio wanaoongoza, nasi tunapeleka wanachotuomba. Tumejifunza kutopeleka maharagwe wiki ya kwanza. Kuni zimelowa, sufuria zimechukuliwa na maji, na maharagwe yanataka saa nyingi za moto. Watu hupewa mkate, tende, maziwa ya pakiti na maji, na unga hufuata majiko yakishawashwa.

Kikundi chetu kinataka kuwa kituo. Mnaangalia nini?

Cheti cha usajili, na chumba. Chumba kisivuje, kiwe na mlango unaofungwa kwa kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Magunia yakae juu ya mbao, yaache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta, maana gunia linalogusa ukuta wa matumbawe hunywa unyevu usiku kucha. Daftari la kuingia na kutoka lisomeke na mtu yeyote wa mtaa atakayeliomba. Tunakuja kutazama mara mbili kabla ya mzigo wa kwanza, na mara ya pili hatutoi taarifa.